Chuo cha Mlimani na Yasemwayo Juu ya Wanafunzi Wake

Khabari za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hazina uhaba katika mabaraza yetu. Yasemwa kwamba mtoto akishapanda Mlimani hateremki na dini yake. Kwamba vijana wa huko ni walevi na wasichana wao hawajui stara. Kwamba fedha wapewazo huzimaliza katika ngoma. Na kwamba mwanafunzi akirudi nyumbani likizo haketi tena mkekani wala hamjui mjomba wake. Wayasemao haya wengi wao hawajatia mguu huko. Walakini katika mji kama wetu wa Tanga, neno la barazani baada ya swala ya Laasiri lina nguvu kuliko barua ya serikali.

Nguvu hiyo tuliiona kwa mzazi mmoja ambaye binti yake alikhitimu Qur'ani katika madrasa yetu, kisha akapata nafasi ya kusomea uhandisi Mlimani. Baba alikuwa amekwisha kata shauri kumzuia. Akatujia akasema, "Maalim, nipe neno moja nimjibu mtoto." Neno hatukuwa nalo. Sisi elimu yetu ya skuli iliishia darasa la saba, na chuo hicho tukikijua kwa picha tu. Lakini Suratul-Hujurat imetukataza kufuata dhana na imetuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi. Tukakata tikiti ya basi.

Mabasi ya mikoani tangu mwaka 2021 huishia Mbezi. Kutoka hapo tulipanda daladala mpaka Ubungo, na nyingine ikatufikisha chuoni, mwendo wa kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji. Mahali penyewe ni kilima chenye miti mingi na upepo mwanana, na tumbili wanaopekua mapipa ya taka bila ya kumwogopa mtu. Jumba la Nkrumah, lile lililochorwa katika noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010 ambayo siku hizi haitumiki tena, tulilitambua mara moja, tukalisimamia kitambo kama watu waliokutana na jamaa waliyekuwa wakiandikiana naye barua.

Chuo kilianza mwezi wa Oktoba 1961, na wanafunzi wake hawakufika 20. Walisoma sheria tu, tena katika jumba la chama cha TANU katika mtaa unaoitwa leo Lumumba. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 wakahamia kilimani, na mwaka 1970 chuo kikajitenga na Makerere na Nairobi kikasimama peke yake.

Ama sifa ya kiburi, asili yake yajulikana. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kuyapinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na wengine wakabeba mabango ya kusema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere akaghadhibika, akawafukuza mamia yao, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza. Tangu siku hiyo nchi nzima ikashika kwamba msomi wa Mlimani ni mtu ajionaye. Vijana wale leo ni mababu, lakini neno lao wamerithishwa wajukuu wa watu wengine.

Na liko jambo jingine lililotuchekesha. Chini ya kilima, juu ya ardhi ya chuo, limejengwa soko kubwa liitwalo Mlimani City, lililofunguliwa mwaka 2006. Huko huenda watu wa mji mzima kununua vitu na kutembea, nao huvaa wapendavyo. Mgeni kutoka mkoani akipita pale akawaona vijana, hurudi kwao akasema, "Nimewaona wanachuo wa Mlimani kwa macho yangu." Wanachuo wenyewe aghalabu wako juu, mahali asipopita mgeni. Tulionyeshwa maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya watu 2,100 kusoma kwa wakati mmoja. Tulipata kuona safu kwa safu za vichwa vilivyoinama, wengine wana kofia na wengine mitandio, kimya kama darsa ya sheikh mkali. Mtu wa namna hii nani atamsimulia barazani? Hana kisa.

Hata lugha yao imezidisha uvumi. Tulimsikia mmoja akimwambia mwenzake, kwa huzuni, kwamba fulani "amedisko", nasi tukashika ndevu. Kumbe maana yake ameshindwa mitihani akaondolewa chuoni! Mwenye "supu mbili" hali nyama. Ana mitihani miwili ya kurudia. Na "bumu" ni fedha ya kujikimu itokanayo na mkopo. Mzazi akiyasikia hayo katika simu ya mwanawe, bila shaka atadhani mtoto yumo katika karamu na dansi.

Hatukufumba macho. Jioni tuliona nje ya eneo la chuo vijana wenye chupa mkononi, na mavazi ambayo hatungependa mabinti zetu wayavae. Kijana mmoja, aliyetuamkia kwa adabu zote, alitwambia bila kuficha kwamba yeye huswali Ijumaa tu. Tukamwuliza tangu lini. Akasema tangu skuli ya sekondari. Basi Mlimani hapakumvua kitu. Alikwenda pale akiwa amekwisha vuliwa, na kwao hawakujua. Na siku hiyo ya Ijumaa msikiti wa chuo ulijaa hata safu zikatoka nje, wengi wakiingia mbio na vitabu kwapani kwa kuwa darasa la saa sita ndilo kwanza limekwisha.

Lililotutia khofu hasa halikuwa katika orodha ya baraza. Mabweni hayawatoshi wote. Yale yaliyofunguliwa mwaka 2017 huchukua wanafunzi 3,840, na wasiopata nafasi hupanga vyumba katika mitaa kama Changanyikeni na Msewe. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwakopesha wengi, na ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliyotutia shaka ya riba iliondolewa mwaka 2021. Lakini si kila mwombaji hupata, na wengine hupata pungufu. Nyumbani wazee husema, "Huyo sasa analishwa na serikali," wakakunja mkono. Binti mmoja wa Kiislamu alitweleza jinsi mwenzake alivyokaa siku mbili kwa chai na andazi, kisha akatokea mwanamume mzima mwenye gari, rika la baba yake, akajitolea kumlipia kodi ya chumba. Mtu huyo si mwanafunzi. Huenda hata huketi barazani pamoja nasi akiwalaani wanachuo.

Hayo ndiyo tuliyompelekea yule mzazi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kodi ya chumba ni kiasi gani na bwenini huombwaje. Binti amekwenda, na baba humpelekea fedha kila mwezi, kidogo kidogo, asiache.

Tulipokuwa tukiagana na vijana wa msikitini, walitulalamikia kwamba masheikh huwajia kuwagombeza tu, kisha huondoka. Wana haja ya mwalimu wa tajwidi siku ya Jumamosi baada ya Laasiri, kwani wengi walikhitimu wakiwa wadogo na matamshi yamewapotea. Sisi tuko mbali. Msomaji akaaye Sinza au Ubungo, mwenye elimu hiyo na nauli ya daladala, asisubiri kualikwa kwa barua. Afike msikitini pale awaulize wenyewe.