Machozi ya Ilesi: Ajuza na Uhuru Wake Katika Fasihi

Kandokando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega, pale Ilesi, limesimama jiwe kubwa ambalo wenyeji huliita Ikhongo Murwi. Lina umbo la kichwa kilichoinama juu ya mabega yaliyochoka, na maji hulitiririka mithili ya machozi. Alitazamaye angedhani ni ajuza aliaye. Lakini ngano moja ya mahali hapo husimulia kwamba aliaye ni msichana aliyependa kijana ambaye babaye hakumridhia. Hata machozi ya jiwe, basi, amepewa mwari!

Hivyo ndivyo fasihi ilivyozoea kumtendea mwanamke mkongwe. Katika ngano zetu, aghalabu ajuza ana nafasi mbili tu: ama ni bibi msimulizi aketiye mekoni na wajukuu, ama ni mchawi aishiye peke yake ukingoni mwa kijiji. Said Ahmed Mohamed, katika *Utengano* (1980), amewachora Bi Farashuu na Biti Kocho kwa uhodari mkubwa: mmoja analipiza kisasi, mwingine anampa Maimuna hifadhi. Usukani wa riwaya, hata hivyo, wanao Maksuudi na bintiye. Je, siku ambayo mikono ya ajuza itashindwa kuinua mtungi, nani ataisimulia?

Siku hiyo ina kisa chake. Kukhu, kama nyanya aitwavyo na Waluhya, hapotezi uhuru wake kwa kishindo. Kwanza huambiwa asiende tena msituni kutafuta kuni. Halafu jembe lake huhamia kwa mkazamwana. Kisha mjukuu hushika simu yake, pamoja na namba ya siri ya M-Pesa. Mwishowe wanawe hukutana sebuleni kuamua kama atahamishiwa Nairobi, naye yumo chumba cha pili, akisikia jina lake likitajwa kana kwamba ameshatangulia mbele ya haki. Yote hayo hutendwa kwa mapenzi. Hapo ndipo penye uchungu, maana dhuluma hupingwa, lakini mapenzi utayapingaje?

Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi. Hakuwa ajuza, wala si kila msomaji wa leo akubaliye mawaidha yake kwa mke. Lakini jambo moja halina ubishi: nguvu zilipompungukia, hakumwachia mwingine kauli. Alimtaka bintiye alete wino na karatasi.

Wanafunzi waendao vijijini Kakamega kukusanya fasihi simulizi humwomba kukhu ngano za sungura na fisi. Huzipata, kwani jungu kuu halikosi ukoko. Ni nadra wamuulize habari za jembe lake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inataka wazee waishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Fasihi nayo ina deni: imuulize ajuza, kisha inyamaze ipate kusikia.