Mjusi na Asubuhi ya Baridi

Wengi wetu hudhani kwamba baridi ni jambo la Ulaya tu, kule kwenye theluji. Lakini sisi wa Kampene twaijua baridi yetu. Wakati wa kiangazi, tangu Juni mpaka Agosti, ukungu hulala mabondeni, na asubuhi kila mtu hutafuta moto. Je, mjusi naye hufanya nini?

Mimi hupenda kumtazama kwenye ukuta wa matofali. Jua lisipogusa ukuta, hatoki. Likigusa, kwanza huonyesha kichwa, halafu hulala kifudifudi akiota jua, kama mzee karibu na moto. Akisha kupata joto, ndipo anapokimbilia wadudu.

Sababu ni hii: mwili wetu hujitengenezea joto kwa chakula tunachokula. Mjusi hupata joto lake kutoka nje: kwa jua, kwa mawe, kwa mabati. Akipoa, miguu yake huwa mizito.

Basi, mji humfaa sana. Matofali hushika joto la mchana, nyufa humpa mahali pa kulala, na taa za usiku huwaita wadudu. Kwa hiyo mijusi huwafuata watu. Yule mjusi wa nyumbani apandaye mpaka darini asili yake ni Afrika, lakini alivuka bahari, na leo yumo katika nyumba za Brazil na Florida.

Huko Marekani, katika mji wa Cincinnati, wako mijusi wa ukutani walioletwa kutoka Italia karibu na mwaka 1951. Wakati wa theluji hujificha ndani ya nyufa za kuta, lakini siku ya jua hutoka kuota. Na tarehe 21 Januari 2020, watu wa Florida waliambiwa na idara ya hali ya hewa wasishangae wakiona mijusi wakubwa waitwao iguana wakianguka kutoka mitini. Wengi wa namna hiyo hawajafa. Jua likiwapasha, huamka na kwenda zao.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu kutojua kwaweza kumwumiza mtu. Asubuhi moja ya Julai, mama mmoja jirani yangu alimkuta mjusi mlangoni pake. Hata alipoguswa kwa ufagio hakukimbia, alijikokota tu. Watu wakanong'ona: "Huyu ametumwa." Macho yakamgeukia mjane mmoja mzee asiye na mtu wa kumtetea. Bahati njema, baba mmoja akasema: "Mwacheni kwanza, tungojee jua." Ilipofika saa nne mjusi alipanda ukutani mbio. Watoto wakacheka, na maneno yakaisha.

Maneno kama hayo yakiachwa, huweza kumfukuza mjane nyumbani mwake. Kumbe dawa yake ilikuwa kungoja jua kidogo!

Basi wazazi, wafundisheni watoto wasimpige mawe mjusi aliyeshikwa na baridi. Mjusi wa nyumbani hana sumu. Hula mbu na mende. Ila tufunike chakula na maji, maana kinyesi chake chaweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Na mkimwona mmoja akijikokota asubuhi, msimtafute mchawi. Tazameni juu: ukungu bado haujaondoka.