'Verbatim': Kielezi na Ahadi Yake

Miongoni mwa vielezi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi wa tafsiri hukumbana navyo mapema ni 'verbatim'. Kamusi hukifasiri kuwa 'neno kwa neno', na wengi huishia hapo. Kielezi hiki kilitoka katika Kilatini cha Zama za Kati kikiwa kizima, nacho Kiingereza kikakipokea katika karne ya 15. Mzizi wake ni 'verbum', yaani neno. Kimalizio '-atim' huonyesha mwendo wa kimoja baada ya kingine, kama katika 'gradatim', hatua kwa hatua. (Kiswahili hulitimiza jambo hilo hilo kwa kurudia nomino na kutia 'kwa' katikati, tena kwa uwazi zaidi.) Isitoshe, 'verbum' na 'word' ya Waingereza ni ndugu wa ukoo mmoja wa kale.

Warumi wenyewe hawakuuamini sana mwendo huo. Cicero, akieleza namna alivyozitafsiri hotuba za Demosthenes na Aeschines, alidai kuwa hakupaswa kumhesabia msomaji maneno moja moja, bali kumpimia uzito wake. Zaidi ya karne nne baadaye, Jerome, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, alimuunga mkono, isipokuwa kwa Maandiko Matakatifu, ambako hata mpangilio wa maneno aliuona kuwa fumbo.

Suala hili si la wanazuoni pekee. Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini mahakamani aghalabu ushahidi uliotolewa kwa Kiswahili huandikwa kwa Kiingereza. Mlalamishi na aseme kuwa jirani yake alimwambia, "Utanitambua!" Kauli hiyo ikihamishwa neno kwa neno, jirani atakuwa ameahidi kujulikana sura tu, tishio limepotea, na pengine kesi nayo. Ikiandikwa kwamba mlalamishi alitishwa, maana imeokolewa, ila ushahidi wenyewe umetoweka: jaji wa rufani hatajua kamwe kilichotamkwa. Kumbukumbu ya aina hiyo, hata ikiitwa 'verbatim', haina 'verbum' hata moja la shahidi.

Taarifa Rasmi za Bunge la Kenya zimeikwepa hatari hii, kwani hotuba ya Kiswahili huchapishwa kwa Kiswahili. Mahakama nazo zingeweza kuyanukuu maneno ya shahidi jinsi alivyoyatamka, kisha tafsiri ikafuata kando yake.