Mteremko wa Magamba



Baadhi yenu mmeniuliza, wengine kwa utani na wengine kwa wasiwasi wa kweli, ni kitu gani kinachompeleka paroko wenu barabarani kila Jumamosi alfajiri, amepanda baiskeli na kuvaa kofia ngumu, ilhali gari la parokia lipo na dizeli haijaisha. Mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo alinisimamisha baada ya Misa akaniambia, "Padre, ukivunjika mguu huko porini, sisi tutaungama kwa nani?" Nilicheka, nikampa jibu fupi, nalo ni shinikizo la damu: daktari aliniambia nichague kati ya kutokwa jasho na kumeza vidonge zaidi. Jibu refu ni barabara yenyewe, na leo ninaliandika kwa sababu limebeba jambo ambalo sikulieleza vizuri nilipolisema altareni mwaka 2025.

Mnaijua barabara yetu, lakini wengi mnaijua kwa dirisha la basi. Mtu anayetoka Tanga au Moshi huiacha barabara kuu pale Mombo, mji mdogo wenye joto ambao reli ya Wajerumani kutoka Tanga iliufikia mwaka 1905, na papo hapo huanza kupanda. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama mita 1,400, na katikati ziko kilomita 33 za lami iliyochongwa ubavuni mwa mlima, mkono mmoja jabali na mkono wa pili korongo. Kwa miguu ya mwendesha baiskeli mlima huu si mkali sana. Shida yake ni urefu. Mgeni hujigamba kilomita tano za mwanzo, hunyamaza tano zinazofuata, na akifika Soni hushuka kwa kisingizio cha kutazama maporomoko ya maji. Nami hutumia kisingizio hicho hicho, pamoja na kununua plamu zikiwa msimu wake.

Juu ya Lushoto huanza msitu wa Magamba, ambao tangu mwaka 2010 ni hifadhi ya mazingira asilia, nao ni sehemu ya milima ile inayoitwa Tao la Mashariki. Kilele cha Magamba kinafika mita 2,230. Ukiingia humo saa moja asubuhi, ukungu haujainuka, na hewa hubadilika ghafla kama mtu anayefungua mlango wa pango. Miti imevaa kuvu na ndevu za kijani. Mbega weusi wenye mikia meupe huruka juu ya barabara pasipo kukujali. Hakuna sauti ila mnyororo wako na pumzi yako. Nakiri kwamba Rozari ninayoisali humo huwa na utulivu kuliko ile ninayoisali sebuleni huku simu ikilia.

Ukipita msitu, nchi hufunguka. Vilima hufuatana kimoja baada ya kingine, vimekatwa matuta, vimejaa kabichi, karoti, viazi na maharage, na nyumba zimeshikilia miteremko utadhani zimegundishwa. Huko hakuna pa kupumzika: unashuka kidogo, unapanda kidogo, gia zinabadilishwa kila dakika, na watoto hukukimbilia kwa furaha ambayo huistahili. Mimi napenda kwenda huko kwanza, nikiwa na nguvu, kisha nigeuze nirudi kwa kuteremka kupitia msituni. Wajuzi watasema ni heri kupanda mwishoni ili kujenga kifua. Hao ni vijana.

Sasa niseme juu ya kuteremka, kwa maana hapo ndipo penye habari. Anayepanda huona kila kitu, hata mchwa. Anayeteremka huona mita thelathini za lami iliyo mbele yake, basi. Majani yaliyolowa hukaa kwenye kona. Raba za breki zikiwa na maji haziishiki rimu mara moja. Gurudumu huzunguka kwanza mara kadhaa hadi rimu ipanguswe, na kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa mizunguko hiyo ni umbali mrefu. Hivyo breki hufungwa kabla ya kona na si ndani yake, hufungwa na kuachiwa kwa zamu, ya mbele na ya nyuma, maana ukiibana mfululizo rimu hupata moto na tyubu yaweza kupasuka. Yote hayo huyafanya mtu aliyebeba nafsi yake tu. Wenzetu wanaoshusha mazao hubeba magunia mawili kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix, uzito unaozidi wao wenyewe, na breki ikiwakatalia hukanyaga tairi kwa soli ya kandambili.

Jumamosi moja ya Septemba 2024 nilikuwa nikiteremka hivyo kutoka msituni. Nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu, kwani nilikuwa nimepanda vizuri kuliko majuma yote yaliyotangulia. Kwenye kona moja kali niliona, upande wa mtaro, baiskeli imelala, karoti zimetawanyika, na mzee ameketi kando yake mkono mmoja ukiwa gotini. Aliinua mkono wa pili. Nami nikainua wangu, nikampungia, nikalia kengele kwa adabu, nikapita.

Nilimwona kwa muda wa sekunde mbili, na katika sekunde hizo nilijieleza mambo matatu: kwamba amepumzika, kwamba ananisalimu, na kwamba nikifunga breki hapa juu ya majani haya nitaanguka mimi. La tatu lilikuwa kweli kwa mita hamsini. Baada ya hapo barabara ilinyooka, ningeweza kusimama na kurudi kwa miguu. Sikurudi. Mwendo ulikuwa mtamu.

Jumatatu nilikwenda hospitali kumpelekea Komunyo mgonjwa wetu mmoja, na katika kitanda cha jirani alikuwepo mzee yule, mguu umefungwa plasta.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, Padre." Akanitazama, akatabasamu. "Wewe ndiye uliyenipungia mkono."

Waya wa breki yake ulikuwa umekatika, akaamua kujitupa mtaroni kuliko kuiendea kona. Alikaa pale karibu saa mbili nzima, kwani asubuhi ile wachache walipita, hadi kijana wa bodaboda alipomkuta. Hakunilaumu. Ndiyo iliyoniumiza. Aliniambia, kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake, "Mteremko ule, Padre, hausimamiki." Alikuwa ananitetea, naye ndiye aliyevunjika.

Mzee huyu ni Mwislamu, na jina lake sitalitaja, ingawa wengi wa Lushoto mtamjua kwa karoti zake.

Nikiwa masomoni Italia, padre mwenzangu mpenda baiskeli alinipeleka Magreglio, juu ya Ziwa Como, kwenye kikanisa cha Bikira Maria wa Ghisallo. Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria huyo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli mwaka 1949. Kikanisa kiko mita 754 juu ya usawa wa bahari, na njia ya kukifikia kutoka Bellagio, ukingoni mwa ziwa, hupanda katikati ya miti na vijiji kwa namna ambayo ilinikumbusha nyumbani. Ndani, kuta zimejaa baiskeli za mabingwa: ya Bartali, ya Coppi, ya Merckx. Lakini iliyonishika ni ya Fabio Casartelli, kijana wa nchi ile ile, aliyekufa Julai 1995 katika Tour de France akiteremka mlima wa Pyrenees. Baiskeli yake imetundikwa vile vile ilivyoharibika. Nilisali pale nikadhani nimeelewa hatari ya mteremko. Nilikuwa nimeelewa nusu yake, ile inayomhusu anayeendesha.

Nusu ya pili niliipata Julai 2025. Mtakumbuka kwamba Dominika ya kumi na tano ya Mwaka C tunasoma habari ya Msamaria Mwema. Kwa muda wote wa upadre wangu nimemhubiri yule kuhani kama mtu mwenye moyo mgumu, au anayeogopa kutiwa unajisi na maiti, na nadhani nilimhubiri hivyo kwa raha fulani, maana hakufanana nami. Safari hii niliketi Ijumaa usiku na ramani. Yerusalemu iko kama mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko kama mita 250 chini yake. Umbali ni kama kilomita 27. Ni mita elfu moja za kuteremka, wapendwa, katika njia fupi kidogo kuliko ya Lushoto kwenda Mombo. Ni mteremko wetu!

Tena Mwinjili Luka anaeleza wazi kwamba kuhani alikuwa akiteremka. Kwa Mlawi na kwa Msamaria halitumii neno hilo. Sitaki kujenga teolojia juu ya neno moja, na mwalimu wangu wa Maandiko angenikemea. Na kuhani yule hakuwa na baiskeli, alitembea au alipanda mnyama, angeweza kusimama wakati wowote. Lakini nimeteremka, najua jinsi mwili unaokwenda chini unavyojipatia sababu. Kila hatua anayopita mtu humfanya kurudi kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa kurudi ni kupanda.

Hilo ndilo nililojaribu kulisema Dominika ile, nikalisimulia vibaya, watu wakacheka mahali pa kengele na wakaendelea kucheka. Baada ya Misa mmoja wenu aliniambia kwamba hakuna mtu mwenye busara angesimama kwenye kona ile. Huenda ni kweli. Mimi bado naziona mita hamsini za baadaye, zile zilizonyooka.

Mzee alipona, ingawa anachechemea. Nilimpelekea waya mpya wa breki na raba nne, tukazifunga pamoja uani kwake, yeye akinifundisha, kwani mikono yangu imezoea vitabu. Alinilipa kwa gunia la karoti nililoshindwa kulikataa, ambalo masista walilipika kwa namna zote zinazojulikana. Siku hizi nikishuka kutoka msituni husimama kwenye kona ile hata kama hakuna mtu, jambo ambalo kidaktari halina faida yoyote na huniharibia muda wangu.

Mwishowe, tangazo. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika Afrika, vijana wetu wa VIWAWA hawana mazungumzo mengine, na wameniomba niwaongoze. Tutaondoka kanisani Jumamosi saa 12 asubuhi kamili, baada ya sala. Tutapanda hadi Magamba, tutapita msituni, tutafika vilima vya juu, na tutarudi kwa njia ile ile. Kila mmoja aje na tyubu ya akiba, viraka, pampu na maji, na baiskeli yenye breki mbili zinazofanya kazi; nitazikagua mwenyewe getini, na asiye nazo atabaki kutusaidia kufagia kanisa. Mzee nimemweleza. Amesema atakuwa kwenye kona yake kuanzia saa nne, na atainua mkono.