Mvua Ilipoharibu Mwani wa Mama



Mwezi mmoja kabla ya ndoa yangu, mama alikuwa na kamba za mwani pwani ya Jambiani. Alipanda ule mnene, wenye bei nzuri lakini usiostahamili taabu. Pesa yake ndiyo ingenunua vyombo vyangu. Siku moja ya bamvua, maji yametoka na mwani uko wazi, ikashuka mvua kubwa ya masika. Baada ya siku chache matawi yakapauka, yakalainika, yakakatika. Tulivuna kidogo sana.

Nilinuna, astaghfirullah. Nikamuuliza, "Mama, mwani si unakaa majini siku zote? Mvua inaudhuru nini?"

"Mwanangu, mwani unataka maji ya chumvi. Ya mvua yanauua."

Baadaye nikasoma, nikaona mama amesema kweli. Lita moja ya maji ya bahari kwa kawaida ina chumvi kama gramu 35, lakini tabaka la juu halitulii. Maji ya mvua ni mepesi, hivyo huelea juu ya yale ya chumvi mpaka upepo na mawimbi yayachanganye. Pale penye maji haba, karibu na ufukwe, chumvi hupungua upesi. Kiangazi mambo hugeuka: jua na upepo huchukua maji na kuiacha chumvi. Ndiyo maana Bahari ya Shamu, yenye jua kali na mvua chache, hufika kama gramu 40, na Ghuba ya Bengali, inayopokea mto Ganges na mvua nyingi, juu yake chumvi ni pungufu.

Nikaikumbuka Suratul Furqan inapotaja bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na kizuizi baina yao. Miaka yote naisoma, sikuwahi kufikiri kwamba riziki yetu imekaa hapo hapo.

Bamvua lililofuata, mama alihamishia kamba zake kwenye kina zaidi, ambako maji hayatoki yote. Hajui kuogelea. Nilimtazama maji yakimfika kifuani, nikaona haya.

Niliolewa na masufuria mawili na doti chache za kanga. Alhamdulillah, mume wangu hakuuliza kitu.

Basi wewe bi harusi mtarajiwa, kabla hujamwambia mama yako kwamba vyombo havitoshi, muulize kwanza bahari ya mwaka huu ilikuwaje.