Tanga la Kwanza Katika Ghuba ya Speke

Mwambie mkazi wa Kariakoo au Kinondoni kwamba Mkoa wa Simiyu una pwani, na hapana shaka atakucheka. Simiyu anayoijua yeye ni ya pamba, ng'ombe na vumbi la kiangazi. Ni Bariadi, Maswa na Meatu, nchi ambamo mtu aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka bila kukanyaga chombo cha majini hata siku moja. Lakini mkoa huu, ulioundwa mwaka 2012, una wilaya tano, na mojawapo, yaani Busega, imenyoosha mguu wake hadi ndani ya Ziwa Victoria.

Ukiondoka Bariadi asubuhi, barabara ya lami itakupitisha katika mashamba na malisho ya Wanyantuzu kwa kilomita zipatazo 70, kisha itakukabidhi Lamadi, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Hapo wageni wengi hugeukia upande wa simba, kwa kuwa lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti haliko mbali. Leo nakuomba ugeukie upande wa pili, upande wa maji.

Maji hayo ndiyo Ghuba ya Speke. Ni mkono mrefu wa ziwa ulionyooka kutoka magharibi kwenda mashariki. Kaskazini yake kipo kisiwa cha Ukerewe, kusini zipo Magu na Busega, na kiganja cha mkono huo kinaishia huku kwetu. Wasukuma huliita ziwa Nyanza, bila kuongeza jina la malkia yeyote. Asubuhi utakuta dagaa wameanikwa, wanawake wakiwageuza, na mitumbwi imelala ufukoni baada ya kazi ya usiku.

Miongoni mwa watu wa ufuko huu wamo waliojifunza maji pamoja na kunyonya. Hao hawana habari na makala haya. Wamo pia wale waliotoka juu, wana wa wakulima, ambao baada ya kuuza pamba au kutoa dume la ng'ombe zizini huchanga fedha na kununua chombo. Na kwa kuwa Ukerewe ina sifa ya siku nyingi ya ufundi wa vyombo, si ajabu chombo hicho kikapatikana ng'ambo ya ghuba. Muuzaji hupokea fedha, hupeana mikono nawe, akarudi kwake kula. Kukifikisha chombo nyumbani ni shauri lako.

Basi tuseme wewe, nduguyo na shemeji yenu mmenunua dau la tanga lililokwisha kutumika. Mnajua jembe, mnajua plau, mnajua fahali mkaidi. Maji hamyajui.

Jambo la kwanza ni kulitazama dau likiwa majini. Chombo kilichokaa juani muda mrefu hukauka, mbao zake zikasinyaa, na kikiteremshwa huvuja kama kapu. Asiyejua hudhani ametapeliwa. Anayejua hukiacha kinywe maji mpaka mbao zivimbe na nafasi zijifunge, kisha hukumbia maji na kungoja. Kikiendelea kuvuja baada ya hapo, kalafati imekufa, au kuna ubao uliooza karibu na mkuku, na bei izungumzwe upya. Vutavuta pia henza, ile kamba inayopandisha foromali mlingotini, na demani, ile inayolishika tanga. Kamba ikatikayo nchi kavu imekufanyia hisani kubwa.

Tanga lenyewe huenda limeshonwa kwa magunia ya plastiki. Zamani lingekuwa la marudufu, nguo nzito ya pamba, na inachekesha kidogo kufikiri kwamba mkulima wa Bariadi aliyeiuza pamba yake sasa amekaa chini ya tanga la plastiki.

Baada ya chombo ni upepo, na hapa ndipo penye roho za watu. Ziwa hili huvuta pumzi na kuitoa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, basi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani hadi alfajiri. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto kuliko maji, na upepo hugeuka ukatoka ziwani kwenda nchi kavu, ukikua hadi alasiri. Ndiyo maana mvuvi wa tanga hutoka kabla ya kucha na kurudi mchana: anasukumwa kwenda, anasukumwa kurudi. Katikati ya pepo hizo mbili kuna saa ya utulivu, tanga likilegea kama shuka kwenye kamba. Mgeni huiona saa hiyo kuwa salama. Mwenyeji huitumia kukaza kamba.

Kwa mtu atokaye Ukerewe kwenda Busega au Lamadi, upepo wa mchana ni wa shetri, unamsukuma mashariki mpaka nyumbani. Kusikia hivyo mtu aweza kudhani safari ni nyepesi. La hasha! Upepo wa shetri huwadanganya wanafunzi kuliko upepo wa bisho. Wa bisho hukupiga usoni, ukajua mara moja kwamba una nguvu. Wa shetri hukubeba, jua likawaka, chombo kikaimba, usitambue kwamba mawimbi nyuma yako yanakua kila kilomita, kwa kuwa yana urefu wote wa ghuba wa kukulia. Tena tanga la pembetatu lenye foromali ndefu lina hila yake. Msukani ukikosewa kidogo, upepo huingia nyuma ya tanga kwa upande usiotazamiwa, foromali ikaruka ghafla ng'ambo ya pili. Aliyesimama njiani huangushwa majini, na chombo chenyewe chaweza kulala ubavu. Kwa hiyo wazoefu hupunguza tanga wakati bado linaonekana kuwa dogo.

Na usidhani kwamba ni watu wa jembe peke yao walioadhirika hapa. Machi 1875 Henry Morton Stanley aliteremsha mashua yake, Lady Alice, huko Kageye, kwenye ufuko wa kusini wa ghuba hii. Mashua hiyo ya urefu wa mita 12 ilitoka Uingereza, ikachukuliwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo. Alipouliza katika msafara wake nani angejitolea kwenda naye, hakujitokeza mtu, ikabidi awateue mwenyewe. Vijana hao 11 walipita mbele ya mdomo wa mto Simiyu, wakalizunguka ziwa zima na kurudi Kageye baada ya siku 57. (Mto huo ndio uliotoa jina la mkoa, ingawa unaingia ziwani Magu, katika Mkoa wa Mwanza.) Historia imemtukuza mwenye mashua. Mimi nawafikiria zaidi wale waliokaa kimya walipoulizwa, kisha wakapiga makasia.

Miaka miwili baadaye wamisionari wa Kiingereza walinunua dau huko Ukerewe kutoka kwa mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Kiongozi wao, Shergold Smith, alikuwa luteni wa jeshi la majini, si mtoto wa shamba. Hata hivyo dau hilo lilivunjika mwaka huohuo wa 1877, kabla halijawafaa kwa lolote la maana.

Turudi kwenu watatu. Mkiwa na busara, mmemlipa mzee mmoja wa Ukerewe ashike msukani siku hiyo, nanyi mmekubali kuitwa wanangu na kukemewa kama watoto. Fedha hiyo isiwaume. Mmegawana kazi: mmoja demani, mmoja kata ya kukumbia maji, mmoja macho mbele. Kila mtu amevaa jaketi la kuokolea maisha, na asiwepo wa kusema kwamba anaona joto. Ziwa lililomeza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 halihitaji kuelezwa zaidi kwa familia za Kanda ya Ziwa.

Wingu jeusi likisimama upande wa magharibi, mzee hatabishana nanyi. Atashusha tanga au atatafuta mahali pa kujificha, na kama ni kulala huko, mtalala. Shemeji aweza kunung'unika kwamba watu wanangoja nyumbani. Wacha wangoje.

Kufika nako kuna mtihani wake. Alasiri upepo na mawimbi vyote vinaelekea ufuko wa kwenu, na anayeingia na tanga lote kwa ajili ya kuonwa na majirani huingia kwa kishindo, akapasua chombo mbele ya macho ya mkewe. Tanga hushushwa mbali, nanga hutupwa kwa nyuma, na chombo huregezwa taratibu kwa kamba, makasia yakikinyoosha. Penye matete pa kuepukwa, kwani kiboko hana habari kwamba leo mna sherehe.

Ufukoni mtakuta watoto wametangulia mbio, na mama mmoja amesimama kando asiseme neno mpaka amehesabu vichwa vinne. Kisha watu wote watashika ubavu wa dau na kulivuta juu kwa wimbo, kama wavutavyo gogo shambani.

Kesho yake ni zamu ya karatasi: kulipeleka dau kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo huo, leseni ya uvuvi, na ukaguzi wa chombo. Mzee wa Ukerewe atakula, atachukua ujira wake na kurudi kwa basi na kivuko. Nanyi mtaamka saa kumi za usiku, mkae ufukoni bila kuteremsha chombo, mpime shavuni upepo wa nchi kavu ukielekea ziwani.