Mwewe wa Bibi Jirani

Bibi mmoja, jirani yetu hapa juu ya Moshi, alipotewa na vifaranga sita katika mwezi mmoja. Vijana wa pale kihambani wakamwonyesha ndege mkubwa aketiye daima juu ya mgrivea, wakasema, "Huyo mwewe ndiye mwizi." Wakatayarisha nyama yenye sumu. Sisi tukawasihi wangoje siku saba, maana tulikuwa na kamera ya kuazima, tukataka kuona kwanza ndege yule achukua nini.

Wasomaji wapenzi, kumpiga picha ndege aliyetua si kazi, lakini arukaye! Siku tatu tulipata mbingu tupu na ncha ya bawa moja. Watoto wa shule walicheka sana, na haki yao. Ndipo tukajifunza. Kilango cha kamera sharti kifunguke na kufungwa kwa sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, ama sivyo bawa huwa kama ukungu. Jua liwe mgongoni. Tena ndege hao hawapandi alfajiri. Hungoja hata yapata saa tatu, miteremko ya mlima ipate moto na hewa ianze kupanda, nao huzunguka juu yake pasipo kupiga mabawa. Mpiga picha humfuata tangu mbali, akigeuza kiwiliwili chote pamoja naye.

Siku ya tano yule ndege akapita chini, kifua cheupe, mkia mfupi mwekundu kama tofali. Tulipoikuza picha, kumbe si mwewe, ni kipanga, na katika makucha yake amefumbata panya. Kesho yake tukampata mwingine, wa rangi ya kahawia, mkia wenye panda. Huyo ndiye mwewe hasa, na kifaranga alionekana dhahiri.

Bibi akazitazama picha zote mbili kwa muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "na sumu ile ingemjuaje mwenye panya?"

Hatukuwa na jibu. Mwaka 2015 aina nne za tai wa Afrika, nao wako Tanzania, ziliandikwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, na nyama za sumu ni sababu kubwa mojawapo.

Vijana waliifukia nyama ile shimoni. Vifaranga sasa hufunikwa kwa tenga mchana kutwa, na kamera tumeirudisha kwa mwenyewe.